Tusimsingizie Mungu

Msomaji wangu, hapana shaka umekwisha kusikia hadithi ya namna hii. Mtu fulani, katika mji fulani, alisema neno la kufuru. Alikicheka kitabu kitakatifu, au alimdhihaki mhubiri, au alijisifu kwamba kazi ya mikono yake haiwezi kuvunjwa hata na Muumba wake. Kabla jua halijatua, au kabla mwaka haujaisha, aliangukiwa na msiba mkubwa. Aliyekuhadithia alisema kwa sauti ya chini, akatikisa kichwa, akamaliza kwa kukukumbusha kwamba Mungu hachezewi. Nawe, kama ilivyo desturi, uliitikia, na kesho yake ukampa mwingine habari ile ile.

Zamani hadithi hizi zilitembea kwa miguu. Zilipita kisimani, sokoni na barazani, na zilichukua miezi kutoka kijiji mpaka kijiji. Siku hizi zinaruka. Zinaingia katika simu ya mkononi pamoja na picha, na chini ya picha pana amri: wapelekee watu kumi, usipofanya hivyo baya litakupata. Leo nataka kuzishtaki hadithi hizi mbele yako. Sizishtaki kwa niaba ya wasioamini, maana mimi ni mtu wa sala. Nazishtaki kwa makosa matatu: kumsingizia Mungu, kuwaonea waliokwisha kuumia, na kuifunga mikono ya watu ambao wangaliweza kujikinga. Keti basi, uwe hakimu.

Shahidi wa kwanza ni picha. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii ya 21 ilienea picha ya kiumbe wa kutisha, mwenye umbo la mnyama na ngozi iliyofanana na ya binadamu. Maelezo yaliyoandamana nayo yalisema kwamba huyo alikuwa msichana wa Oman. Alikuwa akisikiliza muziki wakati mama yake akisoma Kurani. Mama alipomsihi, binti alikasirika, akakitupa kitabu kitukufu, na papo hapo akageuzwa mnyama. Picha ilizunguka nchi nyingi. Nayo Oman si nchi ngeni kwetu. Familia nyingi za pwani ya Afrika Mashariki zina jamaa huko, na habari itokayo kwa jamaa huaminiwa upesi kuliko habari itokayo kwa mgeni.

Ukweli ni huu. Kiumbe yule hakuzaliwa wala hakugeuzwa, alitengenezwa. Alikuwa sehemu ya sanamu iliyofanywa mwaka 2003 na msanii wa Australia aitwaye Patricia Piccinini, kwa silikoni, ngozi na nywele, na sanamu hiyo ilionyeshwa mjini Venice, Italia, mwaka huo huo, mbele ya watu wote. Mtu asiyejulikana aliichukua picha, akaitungia dhambi, akaitungia adhabu, kisha akaitia sahihi ya Mwenyezi Mungu. Msichana hakuwa na jina. Mtaa wake haukutajwa, wala shule aliyosoma, wala tabibu aliyemtazama. Wengi hawakuuliza, kwa sababu kuuliza kulionekana kuwa kufuru ya pili.

Fikiri sana juu ya jambo hilo. Kurani imeheshimiwa na mamilioni ya watu kwa karne nyingi bila msaada wa silikoni. Aliyetunga uongo ule alidhani kwamba anakitetea kitabu. Kwa kweli alikitukana, maana alikifanya kama nyumba mbovu ambayo haiwezi kusimama pasipo kuegemezewa gogo la uongo.

Shahidi wa pili ni meli. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli ya Titanic, iliyokuwa ikitoka Uingereza kwenda Marekani katika safari yake ya kwanza, iligonga mlima wa barafu, na kabla ya mapambazuko ya tarehe 15 ilikuwa chini ya bahari. Watu wapatao 2,200 walikuwamo. Zaidi ya 1,500 walikufa. Hadithi tunayopewa makanisani, misikitini na magarini ni kwamba mjenzi wa meli alijisifu kuwa hata Mungu hawezi kuizamisha, na Mungu akamjibu.

Hakuna ushahidi kwamba Thomas Andrews, aliyeisimamia michoro ya meli ile, alisema neno hilo. Alikuwa mtu mwangalifu, naye alikufa akiwahimiza abiria wavae vizibao vya kuelea. Iko habari ya abiria mmoja aliyeokoka, ambaye alisimulia kwamba siku ya kuondoka alimsikia mfanyakazi wa meli, aliyekuwa akipakia mizigo, akisema maneno kama hayo. Haya, na tukubali kwamba mchukuzi yule alisema. Je, unasadiki kwamba Mwenye rehema alizamisha watu zaidi ya 1,500, kwa kosa la ulimi wa mchukuzi mmoja? Mwenyekiti wa kampuni yenye meli, Bruce Ismay, alipata nafasi katika mashua akaokoka. Kasisi Thomas Byles alikataa nafasi, akabaki akiwaombea watu na kusikiliza maungamo yao mpaka maji yalipomfunika. Watoto wa daraja la kwanza waliokoka karibu wote. Wa daraja la tatu, watoto wa maskini, zaidi ya nusu walikufa. Kama hiyo ni hukumu, basi ni hukumu iliyosoma tikiti za abiria kabla ya kusoma mioyo yao.

Sababu ya vifo vile inajulikana. Meli ilikwenda kwa kasi penye barafu, ingawa ilikuwa imekwisha kuonywa. Mashua zake za kuokolea watu zilikuwa 20, na zote pamoja zingaliweza kuchukua watu 1,178 tu. Sheria ya Uingereza haikudai zaidi ya hapo. Ilitungwa wakati ambapo meli kubwa namna ile hazijafikiriwa. Basi wako watu waliosema kwamba Mungu amejibu kiburi, wakaridhika, wakaenda zao. Lakini wako wengine waliouliza habari za mashua. Hao waliouliza ndio waliokutana London, na mwezi Januari mwaka 1914 wakatia sahihi mkataba wa mataifa kwamba kila meli iwe na mashua za kuwatosha watu wake wote. Wewe ukisafiri baharini leo, utaokolewa na swali lao.

Shahidi wa tatu ni mwimbaji. Mwaka 1966 John Lennon wa Uingereza alisema kwamba kikundi chake cha waimbaji kinapendwa kuliko Yesu. Tarehe 8 Desemba 1980 alipigwa risasi mjini New York, akafa. Wasimulizi wanayaweka mambo hayo mawili bega kwa bega, kana kwamba la pili lilitokea kesho yake. Wanaacha kusema kwamba kati yake palipita miaka 14, na kwamba mwaka ule ule wa 1966 Lennon aliomba radhi hadharani mjini Chicago. Wanaacha pia kusema kwamba aliyempiga risasi alikuwa mwuaji, aliyehukumiwa na mahakama akafungwa gerezani. Ama hadithi ni kweli, na mwuaji ni mjumbe wa mbinguni. Ama mwuaji ni mwuaji, na hadithi ni uongo. Chagua moja, mbili hazikai pamoja.

Sasa umeuona ufundi wa hadithi hizi. Huchagua, huacha, halafu huunganisha. Humchagua mkufuru mmoja aliyepatwa na msiba, na huwaacha elfu waliokufuru wakala, wakalala, wakazeeka, wakafa vitandani mwao wakizungukwa na wajukuu. Huwaacha vilevile wacha Mungu waliokufa vifo vya ghafula. Tarehe 4 Desemba 2021, katika kaunti ya Kitui hapa kwetu, basi lilichukuliwa na mafuriko ya mto Enziu. Walikufa watu zaidi ya 30, na wengi wao walikuwa wanakwaya wa kanisa waliokuwa wakienda harusini. Nani atathubutu kusimama mbele ya wafiwa wale na kuitaja dhambi ya marehemu? Hakuna. Msiba ukimpata tusiyempenda, tunasema ni adhabu; ukimpata tunayempenda, tunasema ni ajali, au ni mapenzi ya Mungu. Mizani ya namna hiyo haipimi matendo ya Mungu. Inapima chuki zetu na mapenzi yetu.

Najua utanipinga, na napenda upinge, maana hakimu asiyesikia upande wa pili si hakimu. Utasema: Mwalimu, hata kama hadithi hizi si kweli, zina faida. Zinatia hofu ya Mungu, na hofu huleta adabu. Nakujibu kwamba mtoto aliyefundishwa adabu kwa uongo ana adabu mpaka siku atakapougundua uongo. Siku hiyo hatatupa uongo peke yake. Atatupa pamoja nao yote aliyofundishwa na kinywa kile kile, ya kweli na ya uongo. Nimewaona vijana walioacha dini si kwa sababu walisoma sana, bali kwa sababu waliigundua picha ya bandia katika simu ya mtu waliyemheshimu. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na mwongo akiwa mhubiri huwapoteza wengi katika njia hiyo fupi.

Utasema tena: Lakini vitabu vyenyewe vinasimulia adhabu. Nuhu na gharika, Sodoma na moto, Adi na Thamudi, Farao na bahari. Ni kweli, vinasimulia. Lakini angalia nani ananena katika habari hizo. Ananena nabii aliyetumwa, na anawaonya watu kabla ya msiba, akiwasihi watubu, na mara nyingi akilia kwa ajili yao. Wasimulizi wetu si manabii. Huja baada ya msiba, na hawalii, hufurahi. Hakuna aliyewatuma ila kidole chao wenyewe juu ya kioo cha simu.

Tena vitabu hivyo hivyo vinakataza jambo ninalolikataza mimi. Ayubu alipopoteza mali, watoto na afya, rafiki zake watatu walikuja wakamthibitishia kwa maneno mazuri kwamba lazima alitenda dhambi. Mwisho wa kitabu hasira ya Mungu haikumwakia Ayubu. Iliwawakia wale rafiki, kwa sababu walimnenea Mungu yasiyo sawa. Katika Injili ya Luka, Yesu aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu wakafa. Aliwauliza wasikilizaji kama walidhani wale walikuwa wakosefu kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu, naye mwenyewe akajibu kuwa sivyo, akamtaka kila mtu aitazame toba yake mwenyewe.

Na katika Uislamu upo mfano ambao kila mara nikiufikiri unanistaajabisha. Ibrahimu, mwana mdogo wa Mtume Muhammad, alipofariki, jua lilipatwa siku hiyo. Watu wakaanza kusema kwamba jua limehuzunika kwa ajili ya mtoto yule. Hadithi hiyo ingalimfaa sana kiongozi mwenye kutaka sifa. Na baba mwenye msiba angaliweza kuinyamazia tu, nayo ingaliendelea. Hakuinyamazia. Aliwafundisha watu kwamba jua na mwezi ni ishara za Mungu, wala havipatwi kwa sababu ya kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Ikiwa Mtume, katika siku ya kumzika mwanawe, alikataa kupokea muujiza usio wa kweli uliomtukuza, sisi tunapata wapi ruhusa ya kutunga miujiza inayowafedhehesha wenzetu?

Hayo ni juu ya Mungu. Sasa nakuomba usikilize juu ya watu, na hapa nitakuwa shahidi mimi mwenyewe, tena shahidi mwenye hatia.

Nilikuwa darasa la sita katika shule moja ya nyanda za juu za Kisii. Alasiri moja mvua ilianza tukiwa uwanjani. Wengi tulikimbilia darasani. Mwenzetu mmoja, mvulana mpole niliyekaa naye dawati moja, alijisitiri chini ya mkalitusi kando ya uwanja. Radi ikapiga. Tulipomfikia, viatu vyake vilikuwa mbali na miguu yake.

Kabla ya maziko hadithi ilikuwa tayari. Ilisemwa kwamba mama yake, mjane, alikataa kutoa fungu lake katika harambee ya kujenga kanisa, tena alimjibu mzee wa kanisa kwa ukali. Sikumwona mtu aliyeyasikia majibu hayo, lakini niliyajua yote, neno kwa neno. Niliyapeleka mtoni tulipokwenda kuteka maji. Niliyapeleka kwenye kinu cha kusaga mahindi, nikayasimulia kwa sauti nzuri, nikiongeza mkono hapa na jicho pale, huku watoto wenzangu wamenizunguka. Nilipogeuka niliona mama yule amesimama mlangoni, ana debe la mahindi kichwani. Hakusema neno. Aliweka foleni kama watu wengine, akasaga unga wake, akaenda. Miezi mingi baadaye watu walikuwa wakipita mbali na boma lake, wakihofu kwamba msiba ule unaambukiza.

Nilipofika chuo cha ualimu ndipo nilipofundishwa barabara habari za radi. Umeme hujikusanya katika mawingu, nao hutafuta njia ya kufika ardhini. Hupenda kilicho kirefu na kilichosimama peke yake. Hewa yenye unyevu wa Ziwa Viktoria hupanda juu ya milima yetu, ikajenga mawingu ya ngurumo mara nyingi katika mwaka, na kwa hiyo upande ule wa nchi hupigwa radi kuliko sehemu nyingi za dunia. Mti mrefu kando ya uwanja ulio wazi ni mahali pabaya kuliko pote pa kujisitiri. Mwenzangu hakuuawa na ulimi wa mama yake. Aliuawa kwa sababu hakuna mtu mzima, katika shule nzima, aliyetuambia tusisimame chini ya mti ule.

Zingatia pia kwamba radi ina mazoea ambayo wasimulizi hawapendi kuyataja: hupiga minara ya nyumba za ibada. Huko Ulaya, kwa karne nyingi, watu walipanda minarani kupiga kengele wakati wa ngurumo ili kuifukuza dhoruba. Kitabu kilichochapwa Ujerumani mwaka 1784 kilihesabu kwamba katika muda wa miaka 33 tu minara 386 ya makanisa ilipigwa, na wapiga kengele zaidi ya 100 waliuawa wakishika kamba. Mnara mkubwa wa San Marco, mjini Venice, ulipigwa na kuharibiwa mara kwa mara. Halafu mnamo mwaka 1752 Mmarekani Benjamin Franklin alionyesha kwamba radi ni umeme, na kwamba ufito wa chuma uliowekwa juu ya jengo, wenye waya unaoshuka mpaka ardhini, huiongoza isidhuru. Wako waliosema kwamba chuma kile kinaingilia kazi ya Mungu. Baadaye mnara wa San Marco ulifungwa chuma hicho, na madhara ya radi yakakoma. Sasa niambie: ikiwa radi ni fimbo ya Mungu, je, ufito wa chuma umemshinda Mungu? Anayesadiki hadithi za adhabu hana budi kusema kwamba umemshinda. Mimi nasema kwamba Mungu aliyeumba radi ndiye aliyeumba akili ya kuikinga.

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga. Nawaheshimu wahenga, lakini radi ina kinga, na bei yake si kubwa kuliko bei ya jeneza. Tarehe 28 Juni 2011, katika wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya. Ziliripotiwa habari za wanafunzi 18 waliouawa pamoja na mwalimu wao. Ni hesabu ile ile ya watu wa Siloamu. Shule ile haikuwa na chuma cha kuikinga. Mahali ambapo watu huuliza nani amekosa, wataitafuta dhambi kwa mwaka mzima. Mahali ambapo watu huuliza nini kimekosekana, watapanda juu ya paa Jumatatu asubuhi.

Namna ile ile ilitupata katika ugonjwa wa Ukimwi. Virusi vyake vilitambuliwa mjini Paris mwaka 1983, na mgonjwa wa kwanza aligunduliwa Kenya mwaka 1984. Serikali ilitangaza kuwa ni janga la taifa mwezi Novemba mwaka 1999. Katika miaka hiyo 15 tuliwasikia wengi wakisema kwamba ni gongo la Mungu kwa wazinzi. Gongo gani hilo lililompiga mke aliyekaa nyumbani kwake kwa uaminifu? Gongo gani lililompiga mtoto aliyezaliwa jana, au mgonjwa aliyetiwa damu hospitalini? Lakini kwa kuwa ilisemwa ni adhabu, kwenda kupimwa kukawa ni kwenda kukiri dhambi. Watu wakajificha, waliojificha wakafa, na kabla ya kufa wakaambukiza waliowapenda. Leo mama mwenye virusi, akitumia dawa zake sawasawa, anaweza kuzaa na kumnyonyesha mtoto asiye navyo. Nauliza tena kama nilivyouliza juu ya chuma: ikiwa ilikuwa hukumu ya Mungu, kidonge kimepataje kuitangua?

Na tusiisahau bahari yetu. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia, lilisukuma mawimbi yaliyovuka Bahari ya Hindi na kuua zaidi ya watu 200,000. Wako waliohubiri kwamba bahari imetumwa kuwaadhibu watu wa fukwe kwa anasa zao. Mawimbi yale yalifika Somalia, na huko walikufa watu karibu 300, wengi wao wavuvi na jamaa zao. Kenya iliripotiwa kufa mtu mmoja. Je, anasa zilikuwa Somalia, na utawa ukawa katika mahoteli ya Mombasa na Malindi? Sivyo. Habari za msiba zilitufikia kabla ya maji kutufikia, na watu wakaondolewa pwani. Maarifa yaliyofika kwa wakati yaliokoa waovu na wema pamoja, kama vile mvua inavyowanyeshea wote.

Basi, hakimu wangu, nimekwisha kuleta mashahidi. Sikuombi uache kumwamini Mungu, wala sikuombi uamini kwamba maovu hayana malipo. Mlevi huumwa ini, mwizi hupoteza usingizi, taifa lililojaa rushwa hubomokewa na majumba yaliyojengwa kwa saruji haba. Hayo tunaweza kuyafuata hatua kwa hatua kutoka tendo mpaka tunda lake. Ninachokukataza ni kuruka kutoka msiba mpaka dhambi pasipo daraja, na kuweka jina la Mungu mahali pa daraja lililokosekana.

Hadithi ya namna hiyo ikikufikia tena, usiipeleke mbele kabla ya kuiuliza maswali matatu. La kwanza: nani aliona, na jina lake nani? La pili: ni nini kilichoachwa nje, ni miaka mingapi, ni watu wangapi wasio na kosa? La tatu ndilo kubwa: je, ningaliweza kuisimulia mbele ya mama wa aliyekufa, huku nikimtazama usoni? Ikishindwa katika moja la maswali hayo, ifie mkononi mwako. Kidole kinachoweza kupeleka uongo kwa watu kumi kinaweza pia kutulia.

Nilipomaliza chuo nilikwenda kwa mama yule kuomba radhi. Alinikaribisha ndani, akanipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunilaumu. Aliniambia, "Mwanangu, ulikuwa mtoto." Kisha aliniuliza kama ile shule imekwisha kuwekewa chuma cha kukinga radi. Nikamwambia kwamba sijui. Akasema, "Basi nenda ukatazame."

Nilikwenda. Hakikuwako. Tulichanga, walimu na wazazi, kwa muda wa vipindi viwili vya masomo, na sasa kipo. Jina la yule mama limo katika orodha ya waliochanga. Alitoa kuku wawili. Nawe, msomaji wangu, nenda ukatazame juu ya paa la shule yako.